Imbwa mu Desturi Zetu: Rafiki wa Kimya Tuliyemfunga Mnyororo

Ndugu msomaji, tukiongea juu ya desturi za wakubwa wetu, tunataja ufalme, ndoa, matanga na ngoma. Kuku na mbuzi wanapata nafasi yao vilevile, kwa sababu wanaingia mu mahari na mu karamu. Lakini mbwa, ao imbwa kama wengi tunavyosema hapa Lubumbashi, mara haba anatajwa. Yuko pale ku mlango wa lupango, anakula mabaki ya bukari, anabweka usiku, basi. Akikufa, watoto wanalia siku moja, na wakubwa wanatafuta mwingine.

Tena kuna neno linalorudiliwa sana mu mji wetu: kwamba kukaa na mbwa, kumpapasa, kumwita kwa upole na kufurahia ukaribu wake ni mambo ya Wazungu. Kijana akionekana amekaa na mbwa wake mbele ya nyumba, watu wanamchekelea: "Weye unakuwa Muzungu sasa?" Mimi kama mwalimu nimesikia neno hili kwa wanafunzi na kwa wazazi wao pia. Mu kurasa hizi nataka kuonyesha ya kuwa historia inasema kinyume. Mbwa wa kutulia, mwaminifu, anayelala karibu na miguu ya bwana wake, alikuwa wetu mbele Wazungu hawajafika. Mnyororo, ukuta na woga njo vilivyokuja nyuma.

1. Neno moja kwa watu wengi

Tuanze na lugha, maana lugha inahifadhi mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Mluba wa Kasai anasema mbwa. Mbemba anasema imbwa. Mtu wa Kongo-Central anasema mbwa mu Kikongo, na ndugu wa Kinshasa anasema vilevile mu Lingala. Mswahili wa Mombasa ao wa Zanzibar anasema mbwa, na Mshona wa Zimbabwe anasema imbwa. Wataalamu wa lugha wanaeleza ya kuwa neno likipatikana namna hii toka Atlantiki mpaka Bahari ya Hindi, ni alama kwamba mababu wa lugha za Kibantu walikuwa nalo mbele ya kutawanyika, miaka elfu kadhaa iliyopita. Maana yake ni kwamba walipohama, walihama na mbwa wao. Hatukungoja treni wala meli ili tumjue.

Hadithi zetu zinaongea vilevile. Mu sehemu mingi za Congo wazee wanasimulia namna mbwa na mbweha walivyokaa pamoja mu pori. Usiku mmoja wa baridi mbweha akamtuma mwenzake ku kijiji kuomba moto. Mbwa alipofika, mama mmoja alikuwa anapika, akamtupia kidogo cha chakula kilichobaki mu chungu. Mbwa akala, akajilaza karibu na moto, akaona pale kuna joto, kuna chakula, kuna watu. Hakurudi tena. Mpaka leo mbweha anamwita usiku kutoka pori. Mbwa anamsikia, lakini anabaki.

Tuangalie vizuri namna wakubwa walivyopanga hadithi hii. Hakuna mtu aliyemkamata mbwa, hakuna kamba, hakuna fimbo. Alikuja mwenyewe, akapewa chakula, akabaki juu ya moto na ukaribu wa watu. Wataalamu wa leo nao wanafikiri karibu hivyo: mbwa alitoka ku ukoo wa mbwa-mwitu zaidi ya miaka 15 000 iliyopita, na wengi wao wanaona ya kuwa wanyama wapole kuliko wengine njo walianza kusogea karibu na watu na mabaki ya chakula chao. Bibi zetu hawakusoma vitabu vile, lakini walijua.

2. Mwenzake wa mwindaji

Inchi yetu ya savana na misitu ilikuwa inchi ya wawindaji. Mu historia ya Waluba, Mbidi Kiluwe, baba wa Kalala Ilunga, alikuwa mwindaji aliyetoka mashariki. Kwa hiyo hata ufalme wenyewe unasimuliwa kuanzia na mwindaji. Na kwa mwindaji mbwa alikuwa mwenzake wa kazi. Anaamsha nyama mu majani, anaisukuma ku wavu, na jioni anapata sehemu yake. Waswahili wa pwani wanasema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Msasi ni mwindaji. Maana yake mbwa anafuata tabia ya bwana wake. Tuiweke methali hii mu akili, tutaihitaji tena.

Wengi wetu hatujui ya kuwa mbwa wa kale wa Congo anajulikana ulimwenguni kwa jambo moja la ajabu: ni mbwa wa kimya, karibu habweki. Georg Schweinfurth, Mjerumani mtaalamu wa mimea aliyesafiri kati ya 1868 na 1871 mpaka inchi ya Wazande, ku kaskazini ya Congo ya leo, aliona mbwa wadogo waliovalishwa kengele za mti ku shingo, ili wasipotee mu majani marefu. Kengele za namna ile zilichongwa pia na Wakongo wa magharibi, na leo zinaonekana mu makumbusho ya Ulaya. Sababu yake inaeleweka. Mbwa anafanya kazi bila kelele, mwindaji hawezi kujua yuko wapi, basi kengele inasema kwa nafasi yake.

Mwaka 1895 mbwa wawili wa namna hii walionyeshwa kule Uingereza, lakini ugonjwa ukawaua. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwapeleka wengine kutoka Congo ya Wabelgiji mpaka London, ku maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, na watu wakasongana ili kuwaona. Nusu karne nyuma yake, mwaka 1987 na 1988, Wamarekani walikuja mpaka Haut-Zaïre kutafuta mbwa wengine wa vijiji ili kuongeza damu, na mwaka 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kikakubali kuwaandika mu kitabu chake. Wale wanaofuga mbwa huyu wanamsifu: anajisafisha sawa paka, hana harufu mingi, na akifurahi anatoa sauti inayofanana na wimbo mfupi.

Sasa, jina lake ni nini? Wanamwita basenji. Hapa msomaji wa Lubumbashi atashangaa ao atacheka. Kwetu, musenji ni tusi la kumtupia mtu aliyetoka kijijini na hajajua mambo ya mji. Kumbe neno lile tunalotumia ili kudharau kijiji, huko ng'ambo ni jina la mbwa wa bei kali. Tulikitupa, wengine wakakiokota.

Sisemi kwamba kila mbwa anayelala mu vumbi ya Katuba ao ya Kenya ni basenji. Damu zimechanganyika zamani, na basenji wenyewe ni watu wa kaskazini na wa misitu. Lakini masikio yaliyosimama, mkia wa kujikunja, mwili mwembamba, tunaviona bado mu vijiji vyetu. Ni jamaa.

Kuna tena jambo la ndani zaidi. Kwa Wakongo, mbwa alionwa sawa kiumbe anayepita kati ya kijiji cha wazima na kijiji cha wafu, kwa sababu anajua njia na anasikia kile mtu hasikii. Njo maana walichonga nkisi yenye umbo la mbwa wa vichwa viwili, inayoitwa Kozo: kichwa kimoja kinaangalia huku, kingine kinaangalia kule. Mtu anaweza kukataa imani ile, na mimi ni Mkristo. Lakini hawezi kusema kwamba watu waliochonga kitu hicho walimwona mbwa kuwa takataka.

3. Mji, ukuta na mnyororo

Basi, namna gani mwenzake wa mwindaji aligeuka kuwa adui ku mlango? Jibu liko mu historia ya mji wetu wenyewe.

Elisabethville ilizaliwa mwaka 1910, wakati reli kutoka Rhodesia ilifika na Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa inatayarisha kuyeyusha shaba. Watu wakaja kutoka pande zote: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Maniema, Ruanda-Urundi. Mzungu akajenga mji wake upande mmoja, na wafanyakazi Waafrika wakawekwa upande mwingine. Kuanzia miaka ya 1920 kati ya mji wa Wazungu na cité ya Albert, ambayo leo ni Kamalondo, palikuwa eneo tupu lililoitwa zone neutre. Usiku Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea mu mji bila karatasi.

Mu mji ule uliokatwa vipande viwili, mbwa akapata kazi mpya. Wabelgiji walikuwa na mbwa wao wa kulinda. Hata yule malinois tunayemwona leo alipata jina lake ku mji wa Malines. Kazi ya mbwa haikuwa tena kutembea pamoja na mtu mu pori. Ilikuwa kusimama nyuma ya uzio na kuchagua nani anaingia. Wazee wa Kamalondo wanasimulia ya kuwa mbwa wa lupango ya Mzungu alimjua boyi wa nyumba, lakini alibwekea Mwafrika mwingine yeyote aliyepita mu barabara. Mfanyakazi aliyepokea posho yake kwa kipimo alimwona mbwa akipewa nyama bila kipimo. Kwa mtu yule, kumchukia mbwa ilikuwa sawa kumchukia bwana wake.

Picha hii iliingia hata mu vitabu vya watoto. Mu Tintin au Congo ya Hergé, iliyotokea mu gazeti la Ubelgiji mwaka 1930 na 1931, mbwa Milou yuko pamoja na bwana wake mu Congo, na kuna mahali ambapo anawaamuru Wacongomani wafanye kazi. Mbwa anaamuru watu! Mtoto Mbelgiji alicheka. Mtoto wa Kamalondo aliyekiona kitabu kile alijifunza kitu kingine.

Lakini historia haiendi mstari mmoja. Mu mwaka 1965 André Yav aliandika, mu Kiswahili chetu cha hapa, kijitabu juu ya historia ya mji, kikifuata macho ya maboyi waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Kijitabu kile kinatufundisha kuangalia mji kutoka mlango wa jikoni. Tukifanya hivyo kwa habari ya mbwa, tunaona nini? Nani alimpa mbwa chakula asubuhi? Boyi. Nani alimwosha, alimtafuta akipotea, alikaa naye wakati bwana na madamu walienda ku safari? Boyi. Mzee mmoja aliyefanya kazi ile alinielezea kwa kucheka ya kuwa mbwa wa bwana wake alikuwa anamngojea yeye, si bwana, na Mzungu alikasirika juu yake. Mbwa hakuhesabu rangi. Alihesabu mkono uliomlisha na sauti iliyomwita. Kwa hiyo urafiki ulikuwa unaendelea hata mu nyumba zile, lakini nyuma, ku jiko, mahali ambapo hakuna aliyeandika.

Nyuma ya uhuru wa 1960 nyumba zile zilipata wenyewe wapya. Tulirithi milango, uzio, na kile kibao cha "Chien méchant". Uporaji wa 1991 na vita vilivyofuata viliongeza woga, na kuta zikapanda. Leo mtu akinunua mbwa, ulizo la kwanza ni hili: "Inaluma?" Ili imbwa ikuwe kali, wengine wanaifunga mnyororo mfupi toka asubuhi, wengine wanaificha mu giza, wengine wanaipa pilipili. Na mu midomo yetu "imbwa" imebaki tusi. Tujichunge na matusi ya namna hii. Mu miaka ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wengi wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, waliitwa bilulu, maana yake wadudu. Mtu anayezoea kumwita mwenzake kwa jina la nyama ili amdharau, amekwisha kufungua mlango mbaya.

4. Faraja ya mbwa wa kutulia

Walakini urafiki wa zamani haukukufa. Ukitembea polepole mu komini zetu utauona.

Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliacha kazi mu mpango ulioitwa départs volontaires. Wengi walikuwa wametumika miaka 25 ao 30. Mmoja wao, mzee wa Katuba ninayemjua, alibaki peke yake nyuma ya kifo cha mke wake. Watoto walienda Kolwezi, Zambia na Afrika ya Kusini. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo, wa kijiji kabisa, ambaye hakuwahi kufungwa. Asubuhi mzee akitoa kiti chake chini ya mwembe, mbwa anatoka naye. Akienda kwa Misa, mbwa anamfikisha ku kona na kurudi. Jioni analala juu ya viatu vyake. Watoto wa jirani wanamvuta masikio, na yeye anahamia tu upande mwingine. Mzee alikuwa na desturi ya kumsomea habari za gazeti. Nilimwuliza: "Baba, imbwa inasikia Kifaransa?" Akanijibu: "Mwalimu, haisikie. Lakini haikate maneno yangu."

Jibu lile lilinifundisha kuliko vitabu. Mzee hana lazima ya mtu wa kumpa mashauri kila saa. Ana lazima ya kiumbe anayekaa naye, asiyemwomba pesa, asiyemwuliza kwa nini Gécamines ilianguka. Sayansi nayo imechunguza jambo hili: mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha ya kuwa mbwa na bwana wake wakiangaliana mu macho kwa muda, miili ya wote wawili inaongeza homoni ya oksitosini, ile inayounganisha mama na mtoto wake mchanga. Ukaribu ule ni kitu cha kweli mu damu.

Hata Biblia inaujua. Wakatoliki wenzangu wasome tena kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anaanza safari ndefu pamoja na malaika Rafaeli, na mbwa anawafuata. Mbwa hafanyi muujiza wowote, haongei, hapigani na mtu. Anatembea nao, na wakati wa kurudi yuko nao vilevile. Ndugu zetu Waislamu nao, ambao wana sheria kali juu ya unajisi wa mbwa, wanasoma mu Kurani habari ya Watu wa Pango, na mbwa wao amelala ku mlango akinyoosha miguu ya mbele.

Tuseme tena neno juu ya majina, kwa sababu hapa desturi ingali hai. Mu makabila mingi ya Afrika mtu anampa mbwa jina ili apitishe ujumbe kwa jirani bila kugombana. Hapa kwetu, pamoja na akina Simba, Bobi na Rex, utasikia mbwa akiitwa Tutaona, Wacha Waseme, ao Mungu Anajua. Mama mwenye shida na mashemeji anasimama mu lupango na kuita kwa nguvu: "Wacha Waseme, kuja kula!" Kila mtu mu avenue amesikia, na hakuna anayeweza kumpeleka ku shefu wa kartie. Mbwa anabeba maneno ya bibi wake, na yeye mwenyewe anakuja tu kula, mkia unacheza.

5. Mbwa anatulia namna gani?

Turudi ku methali ya msasi. Kama mbwa wa mwindaji mkali ni mkali, basi mbwa wa mtu mtulivu anaweza kutulia. Utulivu unafundishwa. Mbwa mdogo anajifunza watu hasa kati ya juma la tatu na juma la kumi na mbili ao kumi na nne la maisha yake. Akiguswa kwa upole wakati ule, akisikia sauti za watoto, za pikipiki na za wageni, atakuwa mtu wa nyumba. Akifungwa peke yake wakati ule, ataogopa kila kitu, na mbwa mwoga njo anayeluma haraka. Tunadhani tumetengeneza mlinzi, kumbe tumetengeneza mwoga. Na mara mingi anayelumwa ni mtoto wa nyumba ao wa jirani, si mwizi.

Hapa sherti niongee pia juu ya ugonjwa, kwa sababu faraja bila uangalifu ni hatari. Kichaa cha mbwa, ambacho sisi tunaita rage, kinaua watu karibu 59 000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia, na karibu mara zote mbwa njo anayekipitisha. Alama zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo iko toka tarehe 6 Julai 1885, wakati Louis Pasteur alimsaidia mtoto Joseph Meister, wa miaka 9, kule Paris. Mtu akilumwa, aoshe kidonda palepale na maji mingi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja. Na mbwa mwenyewe achanjwe. Université de Lubumbashi ina fakilte ya udaktari wa wanyama. Waganga wa mbwa hawako mbali nasi. Wakubwa wetu wawindaji walitunza mbwa aliyeumizwa na nyama ya pori. Chanjo ni namna ya leo ya kufanya kazi ileile.

Kwa kumaliza

Ndugu msomaji, tumeona ya kuwa mbwa alitembea na mababu zetu wakati wa kuhama, alitumika na wawindaji akivaa kengele ya mti, na Wakongo walimpa nafasi ku mpaka wa wazima na wafu. Mji wa kikoloni ulimfunga nyuma ya uzio, na sisi tuliendelea kumfunga hata wakati mwenye uzio alikwisha kwenda. Kama tunasema tunarudi ku desturi zetu, tusirudi ku zile za ngoma na za mavazi peke yake.

Wazazi, mtoto akikaa na mbwa wake ku baraza, msimchekelee. Mfundisheni kumlisha kwa saa yake, kumpa maji, kutomwamsha akilala, kumpeleka ku chanjo. Mtoto anayejifunza kuchunga kiumbe asiyeweza kumlipa, anajifunza kitu ambacho mimi ku masomo siwezi kumwandikia ku ubao. Na wale wenye wazazi wazee wanaobaki peke yao mu malupango makubwa, tuma simu na pesa, ni vizuri. Lakini kama mzee anapenda, mutafutieni pia mbwa mdogo mpole, asiye na mnyororo.